Tathmini ya miradi isiwe mtihani wa kujisahihishia

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii inajulikana na kila mwanafunzi wa shule ya upili, lakini wapangaji wa miradi mikubwa nchini aghalabu huikumbuka baada ya hasara kutokea.

Tuchukue mfano wa Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiwanda cha kugandisha samaki kilikamilishwa huko kwa msaada wa serikali ya Norway. Nia ilikuwa njema: wafugaji waliokuwa wakipoteza mifugo kila ukame ulipozuka wapate riziki nyingine. Jengo lilisimama likapendeza. Hata hivyo, mitambo ya barafu ilifanya kazi kwa siku chache tu kisha ikazimwa, kwa kuwa gharama ya kugandisha samaki katika joto lile ilizidi bei ya samaki wenyewe. Haukupita muda mrefu, Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa chemchemi ya samaki hao, ikakauka. Kwamba maji ya ziwa hilo hupanda na kushuka halikuwa jambo geni kwa wakazi wake. Ujuzi huo haukupewa uzito pale mipango ilipochorwa.

Ni zaidi ya miaka 40 sasa, na sheria zetu zimebadilika. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inataka athari za mradi zichunguzwe kabla ya leseni kutolewa. Kanuni zake za 2003 zinataka athari za kijamii, kiuchumi na kitamaduni zizingatiwe pia. Zinamlazimu mwenye mradi kutoa matangazo magazetini na redioni, na kufanya mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watakaoathiriwa. Nayo Katiba ya 2010 imelifanya suala la kuwashirikisha wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya utawala wa taifa. Kwa maandishi, basi, hatuna upungufu.

Upungufu umo katika utekelezaji. Mtaalamu anayefanya tathmini huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi mwenyewe. Mwalimu yeyote atatambua kasoro iliyopo hapa: ni mtihani ambao mtahiniwa humchagua mtahini na kumlipa mshahara. Sisemi kwamba kila mtaalamu wa aina hiyo hupotosha ukweli. Nasema kwamba kinga pekee ya utaratibu huu ni washikadau, yaani wale watakaoishi na mradi siku zote, kupewa nafasi ya kuisahihisha kazi yenyewe. Wasipopewa, hakuna msahihishaji mwingine aliye karibu na ukweli.

Ushahidi tunao kutoka Lamu. Mnamo Septemba 2016, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa leseni ya kujengwa kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, si mbali na mji mkongwe ambao UNESCO iliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Wakazi walikata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni hiyo. Mikutano ilikuwa imefanyika, tena si mmoja. Lakini jopo liligundua kwamba ilikuwa mikutano ya kuujulisha umma kuhusu mradi, iliyofanywa kabla ya uchunguzi wenyewe. Ripoti ilipokamilika, wananchi hawakurudiwa ipasavyo waelezwe yaliyomo. Je, mtu ataulizwaje maoni yake kuhusu ripoti ambayo bado haijaandikwa?

Hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo. Kumjulisha mtu ni tofauti na kumshauri, na kumshauri ni tofauti na kumpa nafasi ya kupima. Baraza ambalo mgeni mheshimiwa huhutubia kwa saa mbili, wananchi wakapiga makofi na kutia sahihi katika orodha ya waliohudhuria, si tathmini. Orodha hiyo huambatishwa kwenye ripoti kama ithibati ya ridhaa, kumbe ni ithibati ya kufika tu.

Wapo watakaodai kwamba kuwashirikisha wananchi kunachelewesha maendeleo. Na waitazame bandari ya Lamu. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2012. Wavuvi walilalamika kwamba kuchimbwa kwa mkondo wa meli kungeharibu mazalio ya samaki, na kwamba vyombo vyao vidogo haviwezi kwenda bahari kuu. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Nani basi aliyeleta gharama hiyo: mvuvi aliyesema mapema, au aliyekataa kumsikiliza?

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba washikadau husema kwa kauli moja. Mwenye shamba anayetarajia fidia hasemi kama mvuvi asiye na hatimiliki ya bahari. Kijana asiye na kazi huuona mtambo kuwa ajira. Mama anayeteka maji huuona kuwa safari ndefu zaidi ya kwenda kisimani. Mzee wa mtaa akisema kwa niaba ya wote, huenda anasema kwa niaba ya jamaa zake. Kwa hivyo tathmini ya haki huwasikiliza watu kwa makundi yao, wanawake wakiwa na kikao chao na vijana chao, na huandika tofauti zao bila kuzificha chini ya neno "jamii".

Mambo matatu yanawezekana hata kesho. Kwanza, muhtasari wa kila ripoti uandikwe kwa Kiswahili sanifu na kwa lugha ya mahali, uwekwe katika shule, kanisa, msikiti na ofisi ya chifu kabla ya mkutano kuitishwa. Pili, mikutano ifanywe baada ya ripoti kuandikwa, na kila pingamizi lijibiwe kwa maandishi. Tatu, watathmini warudi mradi ukishaanza, wapime walichoahidi kwa yale yaliyotokea.

Hapa walimu na wanafunzi wana kazi. Shule ndiyo taasisi iliyo karibu na kila kijiji, yenye watu wanaosoma ripoti na kufanya hesabu. Wanafunzi wa jiografia wanaweza kuhesabu visima, boti na watoto walioacha masomo kabla mradi haujaanza, na tena miaka miwili baadaye. Mwalimu anaweza kuwasomea wazazi muhtasari jioni moja. Takwimu za namna hiyo, zikiwekwa katika daftari la shule, ni ushahidi ambao mwenye mradi hataweza kuupuuza kwa urahisi. Laiti Kalokol ingekuwa na daftari kama hilo, na mtu wa kulisoma kabla ya saruji kumwagwa.