Watani wa Kijito Kimoja: Upinzani wa Shule katika Milima ya Kentucky

Neno mtani lina uzito ambao wanafunzi wengi wa Kiswahili hupita juu yake bila kuupima. Aghalabu huchukuliwa kuwa mtu wa kuchekeshana naye tu au, katika kurasa za michezo, timu pinzani. Simba na Yanga za Dar es Salaam huitwa watani wa jadi. Gor Mahia na AFC Leopards huitwa mashemeji. Majina yote mawili yametolewa katika ukoo na ujirani, wala hayakutolewa katika vita. Mtani wa kimila ana idhini ya kumkejeli mwenzake mbele ya kadamnasi pasipo mtu kununa, na huyohuyo ndiye anayetarajiwa kushika kazi nzito siku ya msiba. Hasimu hana wajibu wa namna hiyo. Kwa hivyo mwanahabari anayeandika "mahasimu wa jadi" pale alipopaswa kuandika "watani wa jadi" hajabadilisha kisawe kwa kisawe. Amebadilisha uhusiano wenyewe.

Kilatini nacho kina lake la kusema juu ya jambo hili. Neno rivalis, ambalo ndilo mzazi wa neno la Kiingereza la mpinzani, lilimaanisha hapo awali mtu anayechota maji katika kijito kimoja na mwenzake. Mpinzani, kwa asili hiyo, si mgeni atokaye mbali. Ni jirani wa ng'ambo ya pili. Iko sehemu moja ya dunia ambako maana hii ya kale ilidumu kwa miongo kadhaa bila mtu yeyote kuitafuta katika kamusi, nayo ni mashariki mwa jimbo la Kentucky nchini Marekani, katika milima ya Appalachia, miongoni mwa timu za mpira wa vikapu za shule za upili.

Ili msomaji aelewe kilichotokea huko, hana budi kwanza kuiona ardhi yenyewe. Mabonde ya milima hiyo ni membamba mno. Chini ya bonde hupita kijito; kando ya kijito, barabara na reli ya kubebea makaa ya mawe; kisha mlima huanza. Uwanja mpana wa soka ya Kimarekani ulikuwa anasa, lakini kiwanja cha vikapu kilihitaji kipande kidogo tu cha ardhi tambarare na vijana watano, idadi ambayo hata shule ndogo kabisa haikukosa kuipata. Mji ulifuata mji kama shanga katika uzi. Mtu aliyeteremka na mkono wa kulia wa Beaver Creek, katika kaunti ya Floyd, alipita Wayland, mji uliojengwa na kampuni ya makaa ya mawe katika miaka ya 1910. Halafu akapita Garrett, kisha Maytown, hatimaye akafika Martin, mahali ambapo mikono miwili ya kijito hicho hukutana. Ni miji minne iliyofuatana katika kijito kimoja, na kila mji ulikuwa na shule yake ya upili, rangi zake, na timu yake. Wayland walijiita Wasps, yaani manyigu. Baba za wachezaji wa pande zote walikuwa wachimba migodi, na haikuwa ajabu mtu kuwa na binamu katika timu anayoizomea.

Sifa za shule hizi zilivuka milima mapema. Mwaka 1928 timu ya Carr Creek, kutoka kaunti jirani ya Knott, ilifika fainali ya jimbo la Kentucky. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1920 na wanawake wawili kutoka kaskazini-mashariki mwa Marekani, na haikuwa na ukumbi wa michezo. Vijana walifanya mazoezi nje, mlimani. Walikutana na Ashland, shule ya mji wa viwanda kando ya mto Ohio. Mchezo uliingia muda wa nyongeza mara nne, na Ashland wakashinda kwa alama 13 kwa 11. (Asishangae msomaji wa leo kwa uchache wa alama hizo: wakati huo kila baada ya kikapu kufungwa mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu upya, kanuni iliyoondolewa mwaka 1937.) Timu zote mbili zilialikwa Chicago katika mashindano ya shule za taifa zima, na Ashland wakatwaa ubingwa huko. Hata hivyo, waliopendwa zaidi na watu walikuwa wale wa mlimani waliokuwa wameshindwa.

Miaka 28 baadaye, Carr Creek walirudi. Katika nusu fainali ya mwaka 1956 mjini Lexington, walikutana na Wayland. Shule mbili ndogo za kaunti zinazopakana zilikuwa zimewaacha nyuma wakubwa wa jimbo zima ili kuja kumaliza maneno yao mbele ya maelfu ya watu. Wayland walikuwa na Kelly Coleman, kijana aliyeitwa "King" na ambaye alimaliza masomo yake akiwa na jumla ya alama 4,337. Carr Creek walishinda kwa tofauti ya alama moja tu, kisha wakaishinda Henderson 72 kwa 68 katika fainali na kuwa mabingwa. Coleman naye, akiwa na machungu ya kushindwa, alifunga alama 68 peke yake dhidi ya Bell County katika mchezo wa kuwania nafasi ya tatu. Alifariki mwaka 2019, na mpaka siku hiyo watu wa milimani walikuwa bado wakibishana kama iko timu iliyostahili kombe lile kuliko Wayland.

Mabishano hayo ndiyo urithi wenyewe. Shule hazipo tena.

Kuanzia miaka ya 1950 mitambo iliwaondoa maelfu ya watu migodini, na familia zikahamia miji ya viwanda ya Ohio na Michigan. Madarasa yalipungua. Wenye mamlaka wakafanya hesabu, na hesabu hiyo ikasema kwamba shule nne katika kijito kimoja ni hasara. Mwaka 1972 Wayland, Garrett, Maytown na Martin ziliunganishwa kuwa shule moja iliyoitwa Allen Central. Mwaka 1974 Carr Creek na Hindman, ambayo nayo iliwahi kuwa bingwa wa jimbo mwaka 1943, zikamezwa na Knott County Central. Uunganishaji haukukoma hapo, kwani mwaka 2017 Allen Central yenyewe iliunganishwa na South Floyd ili kuzaa Floyd Central.

Haifai kuidharau hesabu ile. Shule yenye wanafunzi wachache haikuweza kumudu maabara ya kemia wala mwalimu wa lugha ya kigeni, na mzazi aliyetaka binti yake awe daktari alikuwa na haki ya kudai zaidi ya kombe katika kabati la kioo. Isitoshe, ile enzi inayoliliwa ilikuwa na milango iliyofungwa. Mashindano ya jimbo ya wasichana yalifutwa baada ya mwaka 1932 na hayakurejeshwa hadi 1975, kwa hivyo utani wote uliosimuliwa hapa ulikuwa wa wavulana. Dada zao walishangilia tu. Shule za Waamerika weusi nazo zilikuwa na mashindano yao ya kando hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, ingawa wachimba migodi weusi walikuwa wamekaa katika mabonde hayohayo kwa miaka mingi. Watu walichota katika kijito kimoja, lakini si wote waliohesabiwa kuwa watani. Anayesimulia siku za Coleman pasipo kuyataja haya anasimulia nusu ya habari.

Lakini hesabu ya wenye mamlaka ilikuwa na kosa lake. Ilidhani kwamba timu nne zikiunganishwa, mapenzi ya watu wa miji minne nayo yatajumlishwa, na timu mpya itapendwa mara nne. Mapenzi hayajumlishwi hivyo. Mtu wa Wayland hakuipenda Wayland peke yake. Aliipenda Wayland dhidi ya Garrett. Ukimwondolea Garrett hujampunguzia adui, umemnyang'anya shahidi, yule ambaye kwa kumzomea alimthibitishia kwamba mji wake upo na una jina. Na kwa kuwa shule zote nne zilifungwa kwa mkupuo mmoja, hapakubaki mtani wa kushika jembe msibani. Wote walikuwa wafiwa.

Hapa ndipo mjadala wa leo unapoingia. Majimbo mengi ya Marekani yameyagawa mashindano ya shule kwa madaraja kulingana na idadi ya wanafunzi, wadogo kwa wadogo na wakubwa kwa wakubwa. Hata Indiana, jimbo lililojivunia mashindano ya pamoja na ambalo ushindi wa shule ndogo ya Milan mwaka 1954 ulizaa filamu ya Hoosiers, liliyaacha baada ya mwaka 1997. Kentucky haijafanya hivyo. Mpaka sasa shule zote za jimbo huwania kombe moja: hukutana kwanza katika wilaya 64, kisha katika kanda 16, na mabingwa wa kanda hizo ndio wanaokwenda kwenye fainali za jimbo. Wapo wanaotaka mgawanyo wa madaraja, na hoja yao ni ya haki: shule yenye wanafunzi mia tatu ina nafasi gani mbele ya shule ya jijini yenye elfu mbili?

Hoja hiyo inasikika vizuri, nayo yafaa kukataliwa. Usawa unaotafutwa na madaraja ni usawa wa kimo, na utani haukujengwa juu ya kimo. Shule ndogo ikiwekwa pamoja na ndogo wenzake, itasafiri saa nne kwenda kucheza na watu isiowajua, ambao hawana lolote la kuikumbusha wala la kuikejeli. Ikishinda, itashinda mbele ya wageni. Mfumo wa Kentucky, kwa kuanzia wilayani, humlazimisha kila mmoja kupita kwanza katika mlango wa jirani yake, awe mkubwa au mdogo. Carr Creek ya 1956 haikuhitaji kuhurumiwa kwa udogo wake. Ilihitaji njia iliyo wazi hadi Lexington, na Wayland katikati ya njia hiyo.

Kwa wanaoshughulikia Kiswahili, pana jambo la kufuatilia. Utani umeandikwa sana kama mila ya makabila na kama tanzu ya fasihi simulizi, lakini utani wa shule na wa viwanja haujapewa nafasi inayoustahili, ilhali huko ndiko neno hili linakofanya kazi kila wiki. Mtafiti atakayechukua kinasasauti akae na mashabiki wazee, iwe Nairobi au Dar es Salaam, atasikia matusi yenye adabu yake, vicheko vyenye mipaka, na madeni yasiyofutika, yaleyale yanayosikika Kentucky kwa lafudhi nyingine.

Katika kaunti ya Floyd leo zimesalia shule tatu za upili za umma zinazokutana uwanjani: Prestonsburg, Betsy Layne na Floyd Central. Ukumbi wa zamani wa Wayland umekarabatiwa, na katika mji huo wanaenziwa wanamichezo wa milimani. Wajukuu wa manyigu wa Wayland na wajukuu wa Garrett huketi sasa kwenye benchi moja, wamevaa jezi ya rangi moja, na kila mwisho wa Februari husubiri kujua ni jirani yupi watakayeanza naye.