Bwana Afya na Bwana Mifugo

Katika nyanda za juu za kusini, tangu Iringa hadi Mbeya na kuendelea mpaka wa Zambia, nguruwe ni akiba ya mkulima mdogo. Sare za watoto, mbolea ya mahindi na bati la kuezekea nyumba hutokana na mauzo yake. Hapana shaka kwamba mfugo huu umewafaa wananchi wengi. Lakini nguruwe aachwaye kuzurura kijijini ana hatari ambayo haina budi kuelezwa waziwazi, nayo ni tegu.

Mtu alapo nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vifuko vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele, tegu hukua ndani ya utumbo wake hata akafikia urefu wa mita kadhaa. Mayai ya tegu hutoka pamoja na kinyesi. Pasipo choo, nguruwe hukila kinyesi hicho, na vifuko vipya vikaota katika nyama yake. Wala mambo hayaishii hapo. Mayai hayo hayo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono isiyooshwa, maji machafu au mboga mbichi, vifuko huota ndani ya mwili wa mtu mwenyewe; na vikifika katika ubongo huleta kifafa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika sehemu nyingi ambako watu na nguruwe wanaozurura huishi pamoja, wagonjwa wa kifafa wapatao 30 katika kila 100 wamepatwa kwa sababu ya tegu.

Wapo watakaosema kwamba wao hawali nguruwe, na kwa hiyo jambo hili haliwahusu. Twawajibu kwamba kifafa hiki huletwa na mayai yatokayo kwa mtu mwenye tegu, siyo na nyama. Asiyegusa nyama ya nguruwe maisha yake yote aweza kupatwa, ikiwa jirani yake hana choo au mpishi wake hanawi mikono. Wala mfanyakazi wa mjini asidhani yu salama kwa kuwa yuko mbali, maana nguruwe wa nyanda za juu husafirishwa kwa malori hadi Dar es Salaam, wakaliwa jioni na watu wasiojua walikotoka.

Basi tujiulize: adui huyu ni wa nani? Bwana Afya hushughulika na choo na mgonjwa. Bwana Mifugo hushughulika na nguruwe. Kila mmoja ana wizara yake, fungu lake la fedha na siku yake ya kwenda kijijini. Tegu hana habari na mgawanyo huo. Atibiwapo mtu peke yake, nguruwe humrudishia ugonjwa. Na atibiwapo nguruwe peke yake, mtu humrudishia vile vile.

Hilo si neno la kukisia. Kuanzia mwaka 2012, watoto wa shule katika Wilaya ya Mbeya na Wilaya ya Mbozi, ambayo tangu 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, walipewa dawa ya prazikwanteli kwa ajili ya kichocho. Dawa hiyo huua na tegu pia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Denmark walifuatilia vijijini, wakaona maambukizi ya tegu kwa watu yamepungua. Hiyo ni faida kubwa, iliyopatikana kwa kazi iliyokusudiwa ugonjwa mwingine. Lakini dawa ya shuleni haikuweza peke yake kung'oa mzizi, kwa kuwa nguruwe walibaki nje ya mpango.

Kule kaskazini ya Peru watu na nguruwe walitibiwa katika kampeni moja, na nguruwe wakachanjwa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2016 ilisema kazi hiyo iligusa watu zaidi ya 80,000 na nguruwe zaidi ya 55,000. Na katika vijiji 107, maambukizi yalikatika katika vijiji 105. Nyenzo za kazi hiyo ni dawa ya oksifendazoli kwa nguruwe na chanjo iitwayo TSOL18, ambayo imekwisha kujaribiwa hata katika vijiji vya Tanzania.

Nini basi kinachotuzuia? Kwa maoni yetu, kizuizi kikubwa ni swali la nani alipe. Mfugaji huambiwa anunue dawa ya nguruwe kwa fedha yake, lakini afikapo sokoni nguruwe safi hana bei zaidi ya mwingine. Nguruwe wake akionekana ana vifuko, nyama huharibiwa na hasara yote ni yake. Mtu aliye katika hali hiyo humwita mkaguzi au humkimbia? Humkimbia, akachinja usiku nyuma ya nyumba, na nyama ikaliwa. Sheria imwadhibuyo mfugaji bila kumsaidia huuficha ugonjwa. Dawa ya mtoto wa shule hutolewa bure kwa sababu afya yake ni faida ya wote. Dawa ya nguruwe nayo humkinga jirani kuliko inavyomkinga mwenye nguruwe. Yafaa basi nayo ibebwe na umma, hasa katika miaka ya kwanza.

Twajua fedha ni chache. Mwaka 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na kazi ya dawa za magonjwa haya ilikuwa imeitegemea mno. Hiyo ndiyo sababu ya kuunganisha safari: gari moja, siku moja, mkutano mmoja wa kijiji. Dawati la Afya Moja limekuwako katika Ofisi ya Waziri Mkuu tangu 2018. Sasa lionekane vijijini.

Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni 2 katika vikundi vya redio, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Mwaka 1983 Mkoa wa Iringa ulianza mpango wa lishe katika vijiji 168, ambamo afya, kilimo na serikali ya kijiji vilifanya kazi kwa pamoja. Kazi hizo zilifaulu kwa sababu kijiji chenyewe kiliamua.

Sisi twasema hivi. Halmashauri za Mbeya, Songwe na Iringa ziweke siku moja ya kutibu watu na nguruwe, chini ya uangalizi wa daktari, maana mwenye vifuko ubongoni aweza kupatwa na degedege anywapo dawa. Mabanda yajengwe, yatamkinga nguruwe pia na homa iliyoingia Kyela mwaka 2010. Na kila tawi la Chama lijue ni nyumba ngapi hazina choo katika eneo lake. Mwenye kifafa hakurogwa. Ameumizwa na mnyoo tuwezao kumshinda. Kila mwaka tunaochelewa, watoto wengine huanguka motoni.