Ujumbe unajifuta, lakini mwenye kuusoma anabakia

Jioni, kisha posti ya kazi, simu zinaanza kulia Kolwezi, Likasi na Fungurume. Mu magroupe watu wanazungumuza juu ya mushahara, ajali, siku zenye hazikulipwa. Kisha mumoja anaandika: « Tutoke huku, tuende kwenye majina haionekane, kwenye maneno inajifuta yenyewe. » Wengi wanaitika. Wanasema: neno likifutika, hakuna mutu ataweza kutushitaki. Ni kweli? Si kweli yote.

Haja yao tunaielewa. Mwenye kutumika mu sous-traitance, na kontra ya miezi kidogo, anaweza kubakia inje ya mulango juu ya neno moja tu. Kuficha jina si ubaya. Mara ingine njo njia moja tu ya kusema kama ukuta wa shimo unapasuka na chef hataki kusikia. Lakini inafaa kujua siri inatokea wapi.

Kwanza, inatokea kwa wenye kusoma. WhatsApp ilileta ujumbe wenye kujifuta mu mwaka wa 2020. Leo unachagua saa 24, siku 7 ao siku 90. Tangu 2016 maneno yanafungwa, mutu wa katikati ya njia hawezi kuyasoma. Lakini ufunguo uko mu simu ya kila mwenye kupokea. Anaweza kupiga picha ya ekra, ao kuchukua simu ingine na kupiga picha, kisha anaituma ku biro. Groupe ya watu 200 ni milango 200.

Pili, inatokea kwa mwenye nyumba. Wahalifu wa inchi nyingi walinunua simu zenye programu ya siri, jina lake ANOM. Waliamini hakuna mwenye kuwasikia. Kumbe FBI ya Marekani njo ilikuwa inaiendesha, pamoja na polisi ya Australia. Mu mwezi wa 6 mwaka wa 2021 ikatangazwa: watu zaidi ya 800 wamekamatwa. Sisi si wahalifu, lakini somo ni letu pia. Chumba chenye hujui ni nani alikijenga, hujui ni nani anategea sikio nyuma ya ukuta.

Tatu, inatokea kwako mwenyewe. Umeficha jina, lakini unaandika: « Sisi ba posti ya usiku, ekipe ya pili, tulibebesha mugonjwa jana. » Chef atakujua bila kuuliza mutu.

Tena, siri inakinga mwenye kusema kweli, na inakinga pia mwongo. Mutu bila jina akiandika kama shimo limeanguka na watu wamekufa, wamama wanakimbia ku karyeri na kilio, kumbe ni uongo. Ni nani ataulizwa? Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa 3 2023 inaazibu mwenye kuanzisha habari ya uongo juu ya mutu mu mitandao, na mwenye kuipitisha mbele vilevile.

Wazazi, muangalie na watoto. Omegle, kwenye watu walizungumuza na wageni bila kusema jina, ilianza 2009 na ikafungwa mwezi wa 11 mwaka wa 2023, kisha mashitaka juu ya watoto wenye waliumizwa na watu wazima wenye walikutana nao humo.

Basi tufanye nini? Neno la hatari ya kifo lisibakie mu groupe peke yake: lipelekwe kwa delege wa sendika ao ku Inspection du Travail, na watu wengi pamoja, juu mutu mumoja njo anafukuzwa mbio. Usiandike numero ya matricule, wala jina la mwenzako. Picha ya ajali, ichunge mu simu yako na tarehe yake, usiiache ijifute: kesho njo itakuwa ushuhuda wako. Na mbele ya kuandika, jiulize: kama chef anasoma hii kesho asubuhi, nitasimama nayo?

Masini inaweza kufuta maneno. Kuaminiana, hapana: hiyo inajengwa na watu wenye kujuana uso kwa uso.