Usimkate Mama wa Kibanda

Kila Januari ushauri huwa ni ule ule: beba chakula kutoka nyumbani, uokoe pesa. Sisi hatukubaliani nao, angalau kwa wengi wa wateja wetu wa Thika na Ruiru.

Fikiria mtu anayefanya kazi kiwandani Thika na amepanga chumba kimoja Makongeni. Anatoka alfajiri, anarudi giza limeingia. Kuchemsha maharagwe ya mtu mmoja kunamaliza gesi karibu sawa na kupikia familia nzima. Mama wa kibanda naye anachemsha sufuria moja ya watu arobaini, na gharama ya moto inagawanyika kwa sahani zote. Ndiyo maana chapo na madondo zake si anasa. Mara nyingi zinashindana vizuri na chakula cha kujipikia.

Basi pesa huenda wapi? Tuchukue mfano, nawe uweke bei za kwako. Lanchi ya shilingi 150 kwa siku 22 za kazi ni 3,300. Nyama choma na soda za 1,000 kila Jumamosi, mara nne, ni 4,000. Yaani siku nne zimekula kuliko siku 22! Lakini tukianza kubana matumizi, wa kwanza kukatwa ni mama wa kibanda, kwa sababu yeye tunamlipa kila siku na anaonekana.

Mbaya zaidi ni Jumamosi ya kulipiwa na Fuliza. Tangu 2019, mteja wa M-Pesa anaweza kukamilisha malipo hata salio likiwa halitoshi. Ukiwa na mgonjwa au nauli imekwama, huo ni msaada mkubwa. Kwa nyama, hapana. Pesa ikiingia kwa simu inakatwa kabla hujaishika, na Jumatatu unamwambia mama, "Niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi." Yeye kesho yake lazima anunue sukuma na nyanya sokoni Madaraka, na huko hawamwandikii. Nyama yako sasa iko kwa mtaji wake.

Kuna pia pesa inayopotea njiani. Kwa viwango vya M-Pesa vya tangu 2023, kumtumia mtu shilingi 150 kwa namba yake ya simu kunakatwa shilingi 7. Kwa siku 22 hiyo ni 154, lanchi moja nzima. Ukilipa kwa Till, mteja hakatwi kitu, na kwa malipo yasiyozidi 200 muuzaji pia hakatwi. Wengi hudhani Till ni ya supamaketi. Mwambie mama ni yake pia.

Kama bado hana, lipa wiki nzima Jumatatu. Shilingi 750 kwa mara moja inakatwa 13, badala ya 35 ukituma mara tano. Wewe lanchi yako imelindwa hata wikendi ikiharibika, na yeye amepata pesa ya kwenda sokoni bila kukopa.

Tunasema haya tukijua kwamba kampuni za malipo ya simu huishi kwa ada. Lakini mteja anayefika tarehe 20 akiwa mikono mitupu hana cha kulipa, na kibanda kikifungwa hakuna malipo yoyote yanayopita hapo.

Kwa hivyo leo jioni, omba taarifa ya mwezi uliopita kwenye simu yako. Piga jumla mbili: chakula cha siku za kazi, na chakula cha wikendi. Usiguse ya kwanza kabla hujaiona ya pili. Ukishaiona, amua Jumamosi ngapi za mwezi huu utakula nyumbani, na uache sahani ya mchana ibaki pale pale.