Msiwaite watoro

Kuna neno moja lililozoeleka mno katika mazungumzo yetu juu ya wagonjwa wa mashambani, nalo ni "mtoro". Mtoto wa kijijini aanzaye matibabu ya kansa ya damu mjini, kisha mama yake akamrudisha nyumbani kabla hayajaisha, huitwa mtoro. Anapofariki, sisi wa mjini hutikisa kichwa: wanakijiji hawaelewi, huchelewa kuja, huanzia kwa mganga wa mizizi. Nasema hukumu hiyo si ya haki, nayo hutustarehesha sisi tunaoitoa.

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Katika lekemia, chembe nyeupe zisizokomaa hujaa ndani ya uboho wa mifupa na kuzisonga chembe nyingine za damu. Mtoto hupauka, hupata homa isiyokwisha, hutokwa damu puani na kwenye ufizi, mifupa humuuma. Katika nchi hii, ni nani aonaye homa na upungufu wa damu asifikiri kwanza malaria? Muuguzi wa kituo cha afya hufikiri hivyo, na mara nyingi yu sahihi. Hutoa dawa ya malaria; mtoto akizidi kupauka huongezewa damu, huchangamka siku chache, hurudi nyumbani. Baada ya majuma mawili yote yanaanza upya. Je, huko ndiko kuchelewa? Mtoto huyo alikuja mapema, tena alikuja mara tatu, ila alipofika hapakuwa na jicho la kumtambua.

Jicho hilo halihitaji jumba la fahari. Tone la damu ambalo fundi wa maabara hulitandaza juu ya kioo akitafuta vijidudu vya malaria laweza pia kumwonyesha chembe nyeupe zisizo za kawaida, mradi awe amefundishwa kuzitambua. Uthibitisho kamili wataka maabara kubwa, sikatai. Lakini ile shaka ya kwanza, imfanyayo mtoto apelekwe mjini leo badala ya mwezi ujao, yaweza kuzaliwa kwenye hadubini ya kijijini. Mimi niliyesomea ualimu sikubali kuambiwa kwamba somo la namna hiyo ni ghali kuliko jeneza.

Aina ya lekemia inayowapata watoto zaidi, katika nchi tajiri huponywa kwa watoto wapatao 9 kati ya 10. Kwa kansa zote za watoto, Shirika la Afya Duniani husema kwamba huko hupona zaidi ya 80 kwa 100, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la 60 kwa 100 ifikapo 2030. Namba hizo hulinganisha nchi na nchi. Ndani ya nchi yetu kuna mpaka mwingine, kati ya mwenye hospitali mtaani kwake na asiye nayo.

Matibabu huchukua miaka miwili hadi mitatu. Miezi ya mwanzo ni ya sindano. Kisha hufuata kipindi kirefu cha vidonge, vingine kila siku, vingine mara moja kwa juma, na damu kupimwa kila baada ya muda. Mama wa Bukavu hurudi jioni kwa watoto wake wengine. Mama wa Shabunda, ambako barabara ni mbovu hata wengi hutegemea ndege, hulala barazani mwa hospitali huku shamba lake likimea magugu na deni likikua. Tena dawa hizi hushusha kinga ya mwili: siku homa ipandapo, mtoto ataka antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja. Mama wa Bukavu huita pikipiki. Yule wa Shabunda, hata akitii kila agizo, hawezi kuufupisha mwendo.

Ni kweli, wapo waanzao kwa mizizi au katika vyumba vya maombi. Lakini vyumba hivyo vimejaa hata mijini! Mkaaji wa mjini akikosea hupoteza siku; wa kijijini hupoteza mtoto.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya bila kutaja mji wala kijiji. Na kwa kuwa hospitali nyingi za vijijini zimo mikononi mwa Kanisa, neno hili latugusa sisi pia. Kwa nini kipindi cha vidonge kisisimamiwe na hospitali kuu ya zoni, kwa barua na maagizo ya mganga wa mjini? Kwa nini nauli na malazi ya mzazi visihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu? Mtu atajibu kwamba malaria na surua huua wengi zaidi. Naam, huua wengi zaidi; na damu salama, maabara yenye fundi hodari na antibiotiki iliyo karibu humwokoa hata mtoto wa malaria, hata mama anayejifungua.

Na kabla fedha hazijapatikana, kuna jambo lisilogharimu hata franka moja. Katika daftari, mahali pa neno "mtoro", iandikwe sababu: nauli imekwisha, deni, hana pa kulala, barabara imekatika. Daftari la mwaka mmoja tu litatuonyesha tuanze kujenga nini.