Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda: Anywe au Asinywe?

Kijana mmoja wa upande wa Ras Mkumbi, kisiwani Mafia, atuuliza juu ya baba yake, mzee wa miaka 74 mwenye shinikizo la damu, mkwezi wa minazi tangu ujanani. Madaktari wamemwona moyo wake wapiga bila mpango, wakamwandikia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mzee hataki. Asema haumwi, na jirani amemwambia kuwa dawa hiyo ni sumu ya panya. Kijana ataka kujua kama yampasa kumshikilia baba yake, au amwache.

Hilo la panya ni kweli. Warfarini iliuzwa kwanza Marekani mwaka 1948 kwa kuulia panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibia watu, na mwaka 1955 akapewa Rais Eisenhower mwenyewe alipopatwa na shambulio la moyo. Jirani hakusema uwongo, ila khabari yake ni nusu tu: kiasi ndicho kitengacho sumu na dawa.

Moyo ukipiga bila mpango, vyumba vyake vya juu havisukumi damu sawasawa, bali vyatetemeka. Damu yatuama humo, yaganda, na bonge likichomoka laweza kufika ubongoni, mtu akaamka amepooza upande. Maradhi haya huzidisha khatari ya kiharusi kadiri ya mara tano. Basi mzee kusema haumwi si hoja, kwani dawa hii haiondoi maumivu wala haimwongezei mtu nguvu. Kazi yake ni kukinga jambo ambalo halijaja. Ndiyo sababu wengi huianza kisha wakaiacha kimya kimya.

Mwaka 1994 yalikusanywa pamoja matokeo ya majaribio matano ya Denmark, Marekani na Kanada. Kwa kila watu 1,000 wasiopewa warfarini, kiasi cha 45 walipata kiharusi kwa mwaka. Kwa waliopewa, 14. Waliovuja damu vibaya walikuwa 10 kwa wale wa kwanza, na 13 kwa hawa wa pili. Mizani imeelemea upande mmoja waziwazi. Lakini watu wale walipimwa damu mara kwa mara! Warfarini yataka kipimo kiitwacho INR, kikae kati ya 2 na 3: kikishuka, dawa haikingi, kikipanda, damu huvuja. Atokaye Ras Mkumbi, penye mnara wa taa wa zama za Wadachi, hukikata kisiwa karibu urefu wake wote hata afike hospitali ya wilaya Kilindoni. Na akitumwa Dar es Salaam, ana bahari ya kuvuka mpaka Nyamisati. Kwa hiyo kijana na aulize mapema: kipimo kitapatikana wapi, kila baada ya muda gani, na nauli ni ya nani?

Zipo dawa mpya zisizotaka kipimo hicho, kama apiksabani na rivaroksabani. Shirika la Afya Duniani liliiingiza jamii hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Bei yake ni kubwa zaidi, na figo hupimwa kwanza. Tena si za kila mtu. Yapasa kumwuliza daktari kama vali za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, maradhi ambayo bado ni mengi Afrika. Uchunguzi uitwao INVICTUS, uliotangazwa mwaka 2022 kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye vali za namna hiyo, wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kuwa waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Ama aspirini, ambayo wengi huidhani badala, kinga yake ni ndogo, nayo pia huvujisha damu.

Wengine husema mzee huanguka, basi asinywe. Madaktari wa Kanada walipiga hesabu mwaka 1999 wakaona ingempasa mzee aanguke mara 295 hivi kwa mwaka ndipo khatari ya kuvuja damu kichwani izidi faida. Huko ni kujikwaa njiani; mnazi ni jambo jingine. Akianza dawa, asikwee tena. Nami nashuku kwamba mzee hakatai kidonge, akataa kuachishwa kazi yake. Kwa maoni yangu anywe, lakini kabla ya kumshikilia, wanawe wakae wakubaliane nani atakwea badala yake na nani atalipa nauli, kisha wakamwambie.

Akikubali, asiumikwe bila idhini ya daktari, kwani mikato ya hijama yaweza kuvuja isikome. Akipewa warfarini, mchicha na kisamvu asiviache, ila ale kiasi kile kile siku zote. Kabla ya Ramadhani amwulize daktari juu ya saa: warfarini ya mara moja kwa siku yaweza kunywewa baada ya futari, lakini apiksabani ni mara mbili. Na akiona choo cheusi kama lami, au akigonga kichwa, asingoje asubuhi. Apelekwe Kilindoni usiku huo huo.