Mpanda milima naye aeleze faida

Wapanda miamba na milima wanaoomba udhamini wana hoja. Uwezo upo: Mtanzania Wilfred Moshi alifika kilele cha Everest mwaka 2012. Kikwazo ni fedha. Tangu Septemba 2025, kibali cha Nepal peke yake ni dola 15,000 kwa msimu mkuu.

Hata hivyo, mfanyabiashara wa Bukoba au mkulima wa kahawa wa Muleba hawezi kutoa fedha kwa huruma tu. Kwake fedha hizo ni mbolea na sare za watoto. Somo lipo Uwanja wa Kaitaba. Kiwanda cha sukari kiliipa timu ya soka jina lake, Kagera Sugar, na kila mechi ilipotangazwa redioni, sukari nayo ilitangazwa.

Mpandaji naye aeleze jina la mdhamini litaonekana wapi na nani ataliona. Akirudi, alete picha na hesabu. Anayeahidi kufikisha pakiti ya kahawa ya Kagera kileleni ana biashara ya kuzungumza. Aliyekuja na bakuli tupu akajipange upya.